Asilimia Kumi na Tisa

Begi langu lina mifuko tisa, na hata gizani
najua kila mmoja umebeba nini:
chaja kulia, kipanya kushoto, waya mfupi, waya mrefu,
na waya mmoja ambao sijui ni wa nini
ila siku nitakayoutupa ndiyo siku utakapotakiwa.
Plagi ya kugeuzia niliinunua Warsaw, uwanja wa ndege,
kwa bei ya chakula cha jioni. Nikalala njaa, simu ikashiba.

Mama hulinyanyua begi mlangoni, Zugdidi, kwa mkono mmoja:
"Tsisana, umebeba ofisi au umebeba jiwe?"
Kisha anashindilia machenza sita
juu ya betri ya akiba.

Betri yenyewe haikujaa.
Usiku mvua iliangusha nguzo, mtaa mzima ukalala gizani,
na alfajiri, treni ilipoondoka,
taa zake nne zilikuwa zimebaki moja, nayo yakonyeza.

Kazi yangu ni kuwaandikia wasiosikia.
Mlango ukifungwa kwenye filamu, naandika: mlango unafungwa.
Mtu akilia kimyakimya siandiki kitu,
na hapo ndipo penye kazi.
Leo ni video ya kampuni moja ya Rotterdam,
jinsi ya kusafisha tanuri la mikate,
dakika thelathini na nane. Wanaitaka saa sita kamili.

Nikavaa hedifoni zile nene.
Ukibonyeza kitufe, behewa zima linazimika:
magurudumu, mtoto wa kiti cha nyuma,
askari anayepasua mbegu za alizeti.
Nilizilipia kwa awamu nne na sijutii.
Kuna watu hununua shamba; mimi nilinunua ukimya,
na hati ninayo.

Tulipopita Samtredia, nikaona mdomo.
Mwanamume wa koti la kijivu alikuwa akisema nami, sijui tangu lini.
Nikavua. Alizungumza kwa sauti ya juu mno,
kama anayeita ng'ambo ya mto:
jina lake Anzor, binti yake anatetea shahada yake leo mchana,
na visaidizi vyake vya kusikia vimelala ndani ya kikasha
kidogo kama kiberiti, vimezimika.
Nguzo ileile. Mvua ileile.

Nikatazama betri: asilimia kumi na tisa.
Nikatazama mpakato wangu: thelathini na moja.
Nikapiga hesabu, na sitasema nilichukua muda gani kuipiga.

Ule waya nisioujua tulijaribu. Haukuingia.
Bado sijui ni wa nini.
Mfupi ukaingia. Kijitaa cha rangi ya chungwa kikawaka,
naye akakipakata kikasha kwa mikono miwili,
kama mtu aliyepewa kifaranga.

Kwenye mahandaki ya Surami mtandao ulikatika,
kisha mpakato, dakika ya thelathini na tano,
majivu yakiwa bado hayajazolewa ndani ya tanuri.
Giza dirishani. Uso wangu tu, na hedifoni shingoni.

Akavivaa. Akakunja uso.
"Kumbe treni hii ina makelele hivi!"
Nikampa chenza. Alilimenya polepole, ameinamisha kichwa,
na mimi, ambaye hulipwa kwa kazi hiyo,
nikasikia ganda likiachana na nyama,
nikatafuta maneno yake, nisiyapate.

Khashuri mtandao ulirudi. Nikawaandikia Rotterdam kwa kidole kimoja
kwamba nitachelewa. Hawakujibu.

Mtoto wa nyuma akaanza tena, safari hii kwa moyo wote.
Mkono wangu ulikuwa njiani kuelekea kitufe
nilipoona kidole cha Anzor kikipanda taratibu
nyuma ya sikio lake.
Akazima.

Tukatazamana
kama wezi wawili waliokutana duka moja.