Mita Tisini na Saba na Nusu

Namba yangu ni elfu moja mia nne na sita.
Nimeibana kifuani kwa pini nne; ya nne imenichoma kidole
na tone la damu limekaa juu ya sifuri
kama muhuri.

Oulu, mwisho wa Mei. Usiku umekataa kuja tangu wiki iliyopita,
barafu ya mto imeondoka bila kuaga,
na upepo unaleta harufu ya kiwanda cha karatasi,
harufu ya kabichi iliyochemka mno,
ambayo sisi wenyeji huapa kwamba hatuisikii.

Miaka thelathini na mmoja nimewapelekea watu barua.
Nimepiga hesabu: nimeizunguka dunia mara mbili na ushee,
ila nyumba kwa nyumba, nikisimama kila lango.
Kusimama ndiko nilikozoea.
Leo hakuna lango.

Bastola inalia. Vijana wanamwagika kama maji ya bwawa lililofunguliwa.
Mimi natembea kwanza hadi kwenye mstari, kwa heshima,
kisha miguu inakumbuka.

Tatu, nne, tano: pumzi ninayo, hata ya kumsemesha jirani.
Pentti, mwalimu wa hesabu, ananieleza
kwamba nusu ya nusu hii ni kumi na nusu na kitu kidogo,
na hicho kitu kidogo ndicho kitakachotuua.
Anacheka. Ananiacha kwenye daraja la pili.

Kwenye ya kumi na mbili, mezani, wanagawa maji
na vipande vya matango ya siki na chumvi.
Natia kimoja mdomoni bila kusimama.
Chumvi inashuka hadi kwenye nyonga. Naapa, nimeisikia ikifika.

Kisha kumi na tano. Kumi na tano haina adabu.
Goti la kushoto linaanza kuniandikia barua:
Kwa Hilkka Rautio. Ya binafsi. Ya haraka.
Siifungui.
Inakuja ya pili.
Ya tatu imesajiliwa, inataka saini.

Mwenda pole hajikwai, sawa,
lakini nyuma ya mwenda pole yupo mwanamke wa baiskeli, fulana ya njano,
anayeokota walioshindwa na kung'oa alama za njiani.
Nasikia mnyororo wake. Trrr. Trrr.
Hasemi neno. Sisi Wafini tuna staha hata tunapofukuzana.

Kumi na nane. Kona hii naijua kabla sijaiona:
sanduku jekundu, namba saba, kwa akina Sarkkinen.
Na Jysky.
Jysky, aliyenichania suruali mbili,
aliyenifunza kuondoka langoni kinyumenyume miaka kumi na mmoja.
Amezeeka. Macho yameingia maziwa.
Ananinusa upeponi, anainuka,
miguu ya nyuma inamtetemeka kama yangu,
na anabweka vilevile, kwa chuki ileile safi,
kama mfanyakazi aliyeitwa kwa zamu moja tu, ya mwisho.
Nami nakimbia.
Tangu asubuhi nilikuwa najikokota; sasa nakimbia!
Mzee Sarkkinen anagonga sufuria:
"Posta! Posta! Gazeti langu liko wapi?"

Mnyororo siusikii tena.

Ishirini. Ishirini na moja. Nanyosha mikono, nimemaliza,
kumbe bado mita tisini na saba na nusu.
Nani alipima? Nani aliona haja ya ile nusu?
Humo ndani ya ile nusu nimelia,
si sana, kiasi cha kutosha stempu.

Msichana ananivika medali. Ana baridi, anataka kwenda kwao.
Ananiuliza kitu, masikio yangu yamejaa damu na ngoma,
sijui kama amesema "ya kwanza?"
au "wa kwanza?"
Namwambia ndiyo.

Kesho nitashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume,
nimeshika ukuta, nikisoma barua zote za goti,
moja moja,
hata ile iliyosajiliwa.