Ufagio wa Ngazi

Katika ploti yetu, Zimmerman, orofa tano, milango ishirini,
ufagio ulikuwa na miguu.
Jioni uuegemeze kwa jirani,
asubuhi ngazi zimefagiwa
nao umeshavuka, umesimama kwa mwingine.
Hakuna daftari. Hakuna aliyeapishwa.
Mgeni akihamia, godoro bado lina kamba,
anaukuta kizingitini kama mtu aliyekuja kumjulia hali,
na kesho anafagia, hajaambiwa na mtu.

Mimi nilikuwa namba kumi na tatu.
Baada yangu Ong'ondo, mlinzi wa usiku huko Viwandani,
aliyefagia akirudi alfajiri, buti hajavua,
akizihesabu ngazi chini kwa chini
kama anayezidai.

Kisha akaja ajenti, na gundi na karatasi:
ASIYEFAGIA ZAMU YAKE, SHILINGI HAMSINI.
Tulifurahi. Nami nilifurahi.
Tukasema sasa Kasyoka wa namba saba, mfagia nusu
(tulimjua, tulimvumilia, tulimsema bombani)
atakiona.

Kasyoka hakukiona.
Aliyelipa wa kwanza ni Ong'ondo.
Alitoa noti, akaikunjua taratibu,
akasema, "Kumbe ilikuwa hamsini tu?
Miaka sita nilidhani ni deni."
Akalala hadi saa sita.

Mwezi haukuisha, kila mlango ulijua hesabu hiyo.
Hamsini ilinunua usingizi, ilinunua na uso mkavu:
nimelipa, nani atanisema?
Ikapandishwa mia. Tukalipa mia.
Maganda ya njugu, nywele za saluni, matope ya masika
vikapanda nasi hadi juu,
na ufagio ukaota mizizi kwa namba tisa.

Karatasi ikabanduliwa. Faini ikafutwa.
Tukangoja ufagio utembee.
Haukutembea.
Aibu ukishaiuza
huirudii dukani na risiti.

Agosti, maji yakakatika siku kumi na moja.
Usiku lori la maji lilipofika, Nasambu wa orofa ya tano
alikuwa na kichanga cha siku nne.
Sikuona aliyeanza. Niliona tu mitungi yake
ikipita mkono kwa mkono, ngazi kwa ngazi,
Kasyoka katikati, akimwaga nusu.
Hakuna aliyetaja bei.
Labda kwa kuwa ajenti hakuwahi kufikiria kuiweka.

Alfajiri nikasikia: shwa, shwa.
Tope la jana linateremshwa.
Sikufungua mlango nimjue ni nani.
Ningemwona, ningemshukuru,
na shukrani nayo, niliogopa, ina noti zake.

Nilipotoka kwenda kazini
ulikuwa umesimama kwangu, ungali umelowa,
njiti zimenyofoka upande mmoja.
"Nimechelewa," nikauambia, kwa sauti, peke yangu kwenye ngazi.
Nikaweka mkoba chini.