Sufu Nyekundu

Jumatatu nilifua damu kwa maji baridi.
Maji ya moto huipikia damu kwenye nyuzi,
haitoki tena; hilo mama alinifunza kule Galisia
akidhani nitalihitaji kwa uzazi,
si kwa wanaume ishirini na wawili
wanaogombea kibuyu cha ngozi kwenye shamba la viazi.

Hapa Ohio kiwanda cha kioo kilifungwa Jumapili tu.
Jumamosi usiku Ignacy alipuliza chupa,
kesho yake akaimaliza pumzi iliyobaki
kifuani mwa mtu wa mji wa jirani,
mpuliza kioo mwenzake, baba wa watoto kama yeye.
Padri alisema ni dhambi. Alisema hivyo
amesimama kando ya mstari wa chokaa,
kanzu imelowa tope hadi magotini.

Malipo? Dola tano, kofia ikijaa.
Kofia aliizungusha Emrys Pugh, mwenye bucha,
ndiye mwenye timu, ndiye mweka hazina,
ndiye aliyeushona mpira ulipopasuka.
Siku ya mvua watu walichungulia bure kwenye nyufa za ua,
kofia ikarudi na vifungo vya koti.
Ignacy akaleta nyumbani utumbo wa nguruwe
na pua isiyokuwa yake.

Ndipo akaja yule kijana wa chuo,
meno yote mdomoni, amejiita Brown.
Ukimwita Brown, hageuki.
Dola hamsini, taslimu, ndani ya kiatu.
Alikimbia kama habari mbaya.
Tulishinda, tukapiga masufuria hadi usiku wa manane.
Asubuhi Pugh alihesabu, akahesabu tena,
akamuuza farasi.

Timu ilikufa Novemba, bila matanga.
Hakuna aliyekuja kudai jezi.
Nilikaa karibu na jiko nikaifumua ya Ignacy,
uzi ukitoka umejikunja kama nywele za mtoto mchanga,
nikavuta, nikavuta, bega, kiwiko, kifua,
mpaka mtu mzima akawa donge moja mapajani pangu.

Jozi tatu za soksi.
Bronka alizivaa kwenda shule kwenye theluji.
Kisigino cha kushoto kilikuwa na doa
ambalo hata maji baridi hayakuliweza.
Usiku mmoja, mtoto amelala, Ignacy aliliona,
akaliinamia na taa, akaligusa kwa kidole.
"Hii si yangu," akasema,
na kwa mara ya kwanza tangu Novemba
akacheka kupitia ile pua.