Shimo la Choo, Mabanga

Dada yangu Nsimire, mtawa, yuko Peru mwaka wa tatu.
Jumapili ananitumia sauti yake,
inanifikia Jumatatu, mtandao ukirudi,
mimi nimezama kiunoni ndani ya shimo,
Katembo juu anavuta ndoo.

Anasema: tulipanda hadi mawingu yakabaki chini yetu.
Huko kuna mji uliozungukwa ukuta,
mrefu kuliko kanisa letu, msalaba ukiwemo.
Njia ya kuingilia inaanza pana, kisha inabana, inabana,
hadi anapita mtu mmoja, bega likisugua jiwe.
Adui waje mia, wataingia mmoja mmoja.
Ndani nyumba ni za duara, hazina paa,
na kuna mnyama, kama kondoo aliyevutwa shingo,
alinitazama vile mhasibu wa shule
anavyomtazama mtoto asiyelipiwa karo.

Nasimamisha sauti. Napiga nondo.
Koro la Nyiragongo linatema cheche, linakula chuma.
Wiki ya tano hii,
na shimo halijafika kimo cha mtu.
Mpangaji ananiuliza kila asubuhi.
Namwambia, kamuulize mlima.

Hapa ndipo ilipokuwa nyumba yetu.
Si hapa: chini ya hapa.
Januari ya elfu mbili na mbili moto ulishuka
kama uji uliosahauliwa jikoni,
ukaingia avenyu yetu bila hodi,
ukalala.
Ulipopoa, baba alipima kwa hatua
kutoka kwenye ncha ya nguzo ya umeme,
viatu vikinuka mpira wa kuungua,
akasema: sebule ni hapa.
Tukajenga juu ya sebule
kwa mawe yale yale yaliyoimeza.
Ndivyo tulivyo Goma.
Kilichokula nyumba yako, unakichonga ukuta.

Sauti inaendelea. Upepo mwingi. Anahema.
Kijana anayetuongoza, anaitwa Wilder,
anasema watu waliujenga, wakaishi, wakaondoka,
ati kwa nini hasa, hakuna ajuaye.
Wageni wakatikisa vichwa kwa huzuni.
Mimi nikacheka, kaka, nikaona haya.
Fikiria mji mzima usiobakiza hata mtu mmoja
wa kusema: tuliondoka kwa sababu ya moto,
mimi nimebeba kuku, wewe umebeba redio.

Amesahau. Kuku nilimbeba mimi.
Redio aliibeba yeye, ikiwa inazungumza bado.
Mama alirudi kufunga mlango kwa ufunguo.

Saa tisa nondo ikatoa sauti nyingine,
sauti ya chungu kinapogongwa.
Bamba la koro likainuka. Tukaligeuza, wawili, kwa mabega.
Upande wa chini palikuwa pamevimba kitu:
kisigino, kiganja cha mguu, vidole vitano,
mguu wa mtoto, wa jiwe, mweusi, umeelekea mbinguni.

Kizingiti.
Baba alipomwaga saruji yake
Nsimire, miaka minne, alikanyaga katikati, akachapwa.
Fundi akataka kusawazisha, baba akakataa:
acha, nitampimia hapo akikua.
Na moto, ulipopita, uliujaza unyayo ule
bila haraka, hadi kidole cha mwisho kilichopinda.

Katembo alivua kofia,
akajiona mjinga, akaivaa.

Nilipiga picha. Nikaandika: mwambie huyo kijana...
Nikafuta.
Nikaandika: mguu wako umeonekana.
Picha inazunguka, inazunguka, haiendi.

Akapita mtu wa chukudu, ananunua mawe.
Hilo nalo unauza?
Nikamwambia, beba mengine yote.

Shimo limebaki mita moja.
Kizingiti hatutakivunja, tutachimba tukikizunguka,
na mpangaji avumilie:
choo chake kitakuwa na kona,
ataingia upandeupande,
bega likisugua jiwe.