Koti la Mukhwana

Vitabu vilikuwa viwili.
Kimoja cha marehemu mama, jalada jeusi,
karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kingine nilikiokota stoo ya shule, hapa Webuye,
panya wamekula kurasa za mwanzo,
kwa hiyo kwangu safari ile huanzia katikati ya bahari,
nami bahari sijaiona;
naijua Nzoia tu ikifurika, rangi ya chai.

Nilivisoma kwa zamu, kwa koroboi,
mpaka watu wao wakaanza kuazimana nguo.

Yule wa mama alikuwa pacha wa pili, kama mimi,
akatoka tumboni ameshika kisigino cha mwenzake.
Yule wa stoo alikuwa Myunani, mfalme
wa kisiwa cha mawe na mbuzi.
Mmoja alijifunga ngozi ya mbuzi mikononi
ili baba asiyeona apapase, aridhike, abariki.
Mwenzake alining'inia chini ya tumbo la kondoo dume,
na jitu lililotobolewa jicho
likapapasa mgongo, likasema, pita.
Vipofu wawili, manyoya yale yale.
Walipoulizwa majina,
mmoja alitaja la kaka yake,
mwenzake akasema yeye si mtu.

Upi uongo mzito, mama?
Kuwa mwingine, au kutokuwa?

Mukhwana aliondoka na lori la mahindi kwenda Nakuru.
Miaka kumi na mmoja, si ishirini kama ya wale,
lakini wale hawakuwa na simu.
Pesa zilikuja, kisha salamu, kisha mlio wa mteja hapatikani.
Presha ya macho ikamla baba kuanzia kingoni:
kwanza uzio, kisha ng'ombe, kisha nyuso zetu.
Kila jioni, kijiko kikigonga kikombe:
"Mukhwana amefika?"

Usiku mmoja mvua ilipiga mabati hadi maneno yakazama.
Nikalitoa koti lake nyuma ya mlango,
lenye harufu ya sigara na maziwa ya mgando.
Hakuna mama aliyenipikia hila;
mama alikwishalala kando ya migomba.
Nikasema, "Baba, ni mimi. Mukhwana."

Mkono wake ukaja. Bega. Kola. Kifungo kilichokatika.
Kisha ukateremka pajani, ukatulia
juu ya bonde aliloliacha panga la miwa
nikiwa darasa la saba.
Myunani naye alitambuliwa kwa kovu la paja,
jino la nguruwe mwitu,
na yaya aliyekuwa akimnawisha miguu akaangusha beseni.
Wa mama alipata lake usiku, akipigana mweleka
na mgeni aliyekataa kujitaja;
kulipokucha alikuwa na jina jipya na mguu wa kuchechemea.

Baba hakuangusha kitu.
Akanitemea mate ya baraka kifuani, akasema,
"Umekawia, mwanangu."
Sikujua alimwambia nani.

Tangu hapo nalima kwa baraka ya wizi
na mahindi, hayana haya, yanastawi.

Kuhusu kurudi, ndipo vitabu vyangu vinapogombana.
Mmoja aliupinda mgongo mara saba mbele ya kaka yake,
na kaka akaja mbio, si kwa upanga, kwa machozi.
Mwenzake aliupinda upinde,
akafunga milango, sakafu ikateleza.
Nimesoma kurasa hizo hadi zimechanika
na bado sijui mimi ni wa jalada lipi.

Leo, Desemba, saa mbili usiku,
pikipiki imezima nje ya uzio.
Kikohozi ni changu, lakini mimi nimo ndani.
Mkono wangu uko kwenye komeo.

Nyuma yangu, gizani kwake, baba anaweka kikombe chini.
"Mulongo," anasema,
"mfungulie kaka yako.
Na lile koti umrudishie, nje kuna baridi."