Pua ya Darini

Miaka ishirini na miwili alipakia pareto,
na pua yake ikabaki kiwandani,
kwenye magunia, kwenye lile vumbi la manjano.
Alirudi na pensheni na saa ya ukutani,
na tangu hapo waridi na jaa ni mamoja kwake.

Baba hasikii harufu.
Maziwa yaliyochacha huyatambua kwa ulimi,
soksi kwa kuuliza.
Ugali ukiungua sisi ndio tunaokunja uso;
yeye anamega, anasema umeiva.

Ndipo nikanunua pua nyingine,
nyeupe, ya mviringo, kama kisahani cha chai,
nikamwita Gathitu, fundi wa Bondeni.
Akapanda stuli, skrubu mdomoni:
“Si jikoni, dada. Jikoni italia kwa kila kitunguu,
na kinacholia kwa kila kitunguu
mtu hukinyamazisha.”
Akaifunga darini kwenye ujia mwembamba,
kati ya jiko na chumba cha Baba,
shibiri mbili kutoka ukutani,
maana moshi, alisema, ni mgeni:
hupita katikati kwanza, pembe huzifikia mwisho.

Baba aliitazama
kama mtu anayepimwa na mkwe.

Sasa, hapa ni Kivumbini. Jina halikudanganya.
Upepo ukishuka Menengai mwezi wa Januari
unatuletea mlima nyumbani punje kwa punje,
unaulaza juu ya kabati, ndani ya sukari,
na ndani ya matundu ya ile pua.
Ikalia bila moshi, saa nane usiku,
majirani wakatoka na shuka mabegani.
Niliisugua kwa brashi laini, ikatulia.
Miezi ikapita, ikaja sauti nyingine, betri ikikata roho:
tii.
Kimya cha kutosha kuuonja usingizi.
Tii.
Baba akadhani ni kifaranga kilichopotea,
akakitafuta uvunguni kwa tochi, siku mbili.

Nikamletea betri mpya, ya mraba, volti tisa,
nikarudi Naivasha kazini.

Redio yake nayo hula betri ya mraba.
Jumamosi ile palikuwa na mechi.

Maharagwe yalichemka hadi yakakauka,
yakakauka hadi sufuria ikawa jiko lenyewe,
na pazia lilikuwa karibu mno.
Chelagat wa mlango wa pili, miaka tisa,
aliona moshi ukipenya chini ya mlango,
akagonga, akagonga, akamwita mamake.
Walimkuta Baba usingizini, mikono kifuani,
na redio ikitangaza bao
kwa betri ya ile pua.

Hakuungua. Alikohoa wiki mbili.
Mimi nilikuja na hotuba, nimeipanga tangu Gilgil,
nikamkuta juu ya stuli,
mzee wa miaka sabini na minne,
betri mkononi, mkono ukitetemeka,
akitafuta upande wa chanya.
Nikaishika stuli.
Hotuba ikaishia hapo.

Redio ameiuza.
Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya kanisa,
huchukua mpini wa ufagio,
akalenga kitufe, akakosa, akalenga tena,
na Kivumbini nzima inajua.
Kuku wa Mama Njambi hutawanyika.
Chelagat hupaza sauti kutoka kwao:
“Babu, tumesikia!”

Kisha hunipigia simu. Hanisalimu.
Hubonyeza tena, simu kaiinua juu,
na mimi huku Naivasha, kwenye foleni ya maji,
naitoa simu sikioni, nangoja ile kelele ikome,
sitaki ikome.

“Umesikia, Nafuna?”
“Nimesikia, Baba.”
“Basi,” husema, na kukata,
maana pesa ya salio
anaiwekea betri.