Bakuli Kifuani mwa Baba

Tulilipa rupia laki mbili kila mtu,
viatu tukaviacha penye ngazi ya mianzi.
Baba akauliza kwa sauti ya kiziwi, ile isiyojijua:
"Tunalipia kulala?"

Wenzetu wakacheka. Bwana na bibi wa fungate kutoka Pune,
mama mmoja wa Perth aliyebabuka mabega kwa jua,
na kijana aliyesema hii ni mara yake ya saba, bado hajapona.
Hakusema anaumwa nini.

Hapa Lembongan mwani huanikwa kando ya njia
juu ya maturubai ya bluu, na harufu yake
iliingia bandani bila kulipa.
Jogoo naye hakuambiwa kwamba ni saa ya utulivu.

Komang Ratmini alitandika mikeka,
akaweka mlangoni kikapu kidogo cha makuti,
ndani yake maua, punje za wali, biskuti moja,
akawasha ubani.
Tufumbe macho, akasema. Kila kitu tukiache nje.
Baba akavua vifaa vyake vya kusikia,
akavitia mfukoni mwa shati kama avuaye meno ya bandia,
akajilaza chali, buheri wa kutosikia.

Miaka thelathini na minne kwenye karakana za meli, Ulsan,
alipiga chuma hadi chuma kikamla masikio.
Meli zikaenda zake.
Mama alipokuwa akifa alizungumza polepole, chinichini,
na Baba akawa anaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo.
Hadi leo hatujui alikubali nini.

Bakuli la kwanza likalia, la pili likalidaka.
Waliosema debe tupu haliachi kuvuma
hawakulalia mkeka huu: utupu ule uliimba,
na mimi, niliyekuja kutulia,
nikawaza kama nimefunga mlango wa chumba.

Ratmini akapita kati yetu, nyayo tupu.
Alipofika kwa Baba alimtazama kidogo,
akaliweka bakuli juu ya kifua chake, moja kwa moja,
akaligonga.
Niliona vifungo vya shati vikitetema.
Niliona vidole vyake vikianza kazi mkekani,
piga, acha, piga piga, acha,
kama vile zamu haijaisha.

Kisha upatu mkubwa. Mara moja. Mara mbili.
Baba akainuka!
Akaenda hadi ulipotundikwa, akaubandika kiganja mgongoni,
akatangazia kisiwa kizima:
"Una ufa. Hapa, chini ya nundu."

Macho yote yakafumbuka. Nilitamani kuwa mwani.
Lakini Ratmini aliushika ule mkono, wakafuata ufa pamoja,
kidole juu ya kidole, hawana lugha hata moja kati yao.
Akamwonyesha: nyumba inayumba, kitu kinaanguka.
Akamwonyesha mzee afuaye shaba,
kisha mzee amelala, mikono kifuani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyozoea.
Baba akatikisa kichwa. "Usiuzibe," akaniambia nimwambie.
"Toboa tundu dogo pale unapoishia.
Ufa ukifika tunduni hausafiri tena."

Jioni aliazima keekee kwa fundi wa pikipiki.
Tundu lenyewe lilitosha kupitisha punje ya mchele.
Ratmini akaugonga upatu taratibu. Sauti haikuwa ile ile.
Sijui kama ilikuwa nzuri zaidi. Yeye aliitikia kwa kichwa,
na Baba, vifaa bado mfukoni, akaitikia pia.

Njiani nikamgeukia, nikasema kwa midomo tu, waziwazi:
Mama alikuambia nini?

Alinitazama mdomo muda mrefu.
"Sikusikia," akasema. "Sikusikia hata neno."
Akalisema tena, kwa sauti ndogo,
ndogo kuliko nilivyojua anaweza.

Sikupata la kujibu. Nikakumbuka kofia yake, nikarudi bandani kuichukua.
Pale mlangoni ubani ulikuwa umeshazimika
na mbwa alikuwa anamalizia biskuti.